Maji ya Mvua na Mabonde ya Dar es Salaam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa makundi mawili ambayo mara nyingi hukutana siku ya bomoabomoa tu: wananchi wanaoishi au wanaotaka kujenga karibu na mito na mitaro ya Dar es Salaam, na watendaji wa mitaa, kata na halmashauri waliokabidhiwa kazi ya kusimamia sheria za maeneo hayo. Maswali ni yale yanayoibuka kila masika kwenye mikutano ya mtaa na kwenye magrupu ya WhatsApp. Majibu ya kisheria yamewekwa kwa lugha ya kawaida. Ukiwa na kesi yako mwenyewe, mwone wakili ukiwa na karatasi zako mkononi.

Mita 60 za kutojenga karibu na mto zimetoka wapi, na zinapimwa kuanzia wapi?

Zimo kwenye sheria zaidi ya moja. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, kifungu cha 7, inaiweka ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe kwenye kundi la ardhi hatarishi, pamoja na mikoko, maeneo oevu na miteremko mikali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004, kifungu cha 57, ikakaza zaidi: ndani ya mita hizo pasifanyike shughuli ya kudumu, wala shughuli inayoweza kuathiri hifadhi ya mto, ziwa, bwawa au bahari.

Kipimo kinaanzia ukingoni, si pale maji yalipo siku hiyo, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Wapimaji wakija kiangazi, Mto Msimbazi maeneo ya Kigogo ni kijito kinachojipitia katikati ya mchanga, na mwenye nyumba atang'ang'ania tepu ianzie kwenye maji kwa sababu inampa mita kadhaa za bure. Ukingo ni pale ardhi inapokatika kushuka kwenye njia ya mto. Nao hautulii: kila masika mto unamega upande mmoja na kumwaga mchanga upande wa pili. Nyumba iliyopimwa zamani ikaonekana iko nje inaweza kujikuta ndani leo, na mwenyewe hajasogeza hata tofali. Ndiyo maana mtendaji anayeijua kazi yake hapimi kwa tepu akaondoka. Anachukua vipimo vya ukingo kwa GPS, anaandika tarehe, anapiga picha, na mwenye nyumba na mjumbe wa shina wanasaini.

Kwa majirani zetu Kenya, kanuni za ubora wa maji za 2006 zilitaja mita 6 hadi 30, zikipimwa kutoka kiwango cha juu kabisa ambacho maji ya mafuriko yaliwahi kufika. Namba yao ni ndogo kuliko yetu, lakini mahali wanapoanzia kupima, kwa maoni yangu, ni pa busara zaidi.

Nyumba yangu iko mita 80 kutoka mtoni. Niko salama?

Kwa kifungu cha 57, huenda huna kosa. Kwa maji, hiyo ni habari nyingine. Mita 60 ni namba moja kwa nchi nzima, ilhali mabonde hayafanani. Kule juu, Kimara na Kinyerezi, bonde ni jembamba na kingo ni kali: hatari yako si maji kuingia sebuleni, ni ardhi kumeguka chini ya msingi. Jangwani bonde ni pana na tambarare, mto ukifurika maji yanatandaa mamia ya mita, na ndiyo maana Barabara ya Morogoro hufungwa pale na mwendokasi ukasimama.

Kuna ramani za kukusaidia. Tangu 2015 mradi wa Ramani Huria, uliowashirikisha wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wakazi wenyewe, umechora mitaro, nyumba na sehemu zinazofurika kwenye kata nyingi, na data zake ziko wazi kwenye OpenStreetMap. Kuna pia kipimo cha bure: mstari wa tope kwenye kuta za majirani. Uliza mwaka 2011 ulifika wapi, 2018 ulifika wapi, 2024 ulifika wapi. Usimuulize anayekuuzia kiwanja. Muulize mpangaji aliyewahi kupandisha godoro juu ya kabati, yeye atakuonyesha alama kwa kidole.

Baada ya mafuriko makubwa wataalamu walisema ile ilikuwa "mvua ya miaka 100". Si maana yake tumeshamaliza?

Hapana. Maana yake ni kwamba kila mwaka mvua ya kiasi kile ina nafasi ya asilimia 1 kutokea, na mwaka unaofuata hesabu inaanza upya. Kwa mtu atakayeishi kwenye nyumba yake miaka 30, nafasi ya kuiona angalau mara moja ni kama asilimia 26. Mvua ya miaka 10, ambayo mitaro mingi ya mitaani husanifiwa kuihimili, ina nafasi ya asilimia 65 kukupata ndani ya miaka 10. Na hizo hesabu zinatokana na rekodi za mvua za zamani. Mvua zikibadilika, nazo zinabadilika.

Hakuna mto karibu nami. Mbona maji yanaingia ndani?

Mara nyingi mkosaji ni barabara. Barabara ya mtaa ikiwekwa lami huinuliwa kwa tabaka za kifusi, na nyumba za zamani zinabaki shimoni. Mtaro ukiwa juu kuliko ua wako, maji ya ua hayana pa kutokea, na mtaro ukijaa unamwagia kwako. Jambo hili huzungumzwa wakati wa usanifu, mkandarasi akishaondoka umechelewa. Ukiona wapimaji wanapigilia vigingi, waulize maswali mawili: lami itakuwa juu ya kizingiti changu kwa kiasi gani, na maji ya upande wangu yatatokea wapi? Jibu lisiporidhisha, andika barua kupitia serikali ya mtaa na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Wakati mwingine ni jirani aliyepiga fensi ya tofali kukatiza njia ya maji bila kuacha matundu chini. Hilo serikali ya mtaa inaweza kulimaliza kwa kikao na nyundo. Lililo gumu ni maji ya ardhini. Masika ya mfululizo huyapandisha, na kwenye maeneo ya tambarare ya Kigamboni au Tegeta unaweza kuona sakafu inatoa maji hata siku ya jua kali. Mtaro wa juu hausaidii hapo. Panahitajika mifereji ya chini ya ardhi yenye kokoto na mahali pa chini zaidi pa kuyamwaga, na kama mahali hapo hapapo, basi eneo lenyewe lilikuwa oevu na kiwanja hakikupaswa kukatwa.

Mtaro huu ni wa nani?

Swali hili linakula muda kuliko mengine yote, kwa hiyo tulijibu taratibu.

Mitaro ya barabara kuu na za mkoa, kama Morogoro, Nyerere na Mandela, ni ya TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Mitaro ya barabara za mitaani ni ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini ulioanza kazi Julai 2017. Kabla ya hapo zilikuwa chini ya halmashauri, na wananchi wengi bado wanapeleka malalamiko manispaa kwa mazoea. Halmashauri imebaki na taka, usafi, vibali vya ujenzi na sheria ndogo. Mto wenyewe na kingo zake uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Majitaka ni ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji. NEMC, baraza la taifa la mazingira, wanasimamia sheria ya mazingira kwa wote, zikiwemo ofisi hizo nyingine.

Sasa fuata maji. Yanatoka uani kwako, yanaingia mtaro wa TARURA, unaomwaga kwenye kalavati la TANROADS, linalotema mtoni kwenye eneo la Bodi, na katikati yake kuna taka ambazo ni kazi ya halmashauri. Mtaro hauzibi katikati. Unaziba kwenye maungio, pale ofisi moja inapomkabidhi mwenzake, kwa sababu kila upande unaamini mdomo wa kalavati ni wa mwingine. Nimeona kalavati lililozibuliwa vizuri upande wa juu wa barabara huku upande wa kutokea ukiwa umejaa mchanga hadi juu. Mkandarasi alikuwa na mkataba wa upande mmoja.

Kwa mtendaji, dawa si kikao kingine cha kulaumiana. Tengeneza orodha ya maungio yote ya kata yako, moja moja, kila ungio na cheo cha anayewajibika, na uipeleke kwenye kamati ya maafa ya wilaya. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya 2022 inaziweka kamati hizo kila ngazi, na ni moja ya meza chache ambazo ofisi zote hizi hukaa pamoja. Waisaini pale. Ungio lisilo na mwenyewe liandikwe "halina mwenyewe", kwa herufi kubwa, lisionewe haya.

Mwenyekiti wa mtaa alishuhudia mauziano na akagonga muhuri. Inatosha?

Haitoshi. Serikali ya mtaa inashuhudia kwamba fulani amemuuzia fulani. Haithibitishi kwamba mahali hapo panajengeka. Kabla hujatoa hela nenda idara ya mipango miji ya halmashauri uombe kuona mchoro wa eneo, na kama kiwanja kina hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Leseni ya makazi nayo haigeuki kuwa kibali cha ujenzi. Halafu kakione kiwanja Aprili. Viwanja vya bondeni huuzwa Agosti.

Naweza kujaza kifusi nikainua kiwanja changu?

Piga hesabu. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 ukikiinua mita 1, umechukua nafasi iliyokuwa inabeba lita 400,000 za maji. Hayo maji hayajafutika, yamehamia kwa jirani wa chini au wa ng'ambo. Mwaka unaofuata na yeye anajaza, na mto unabaki mfereji mwembamba wenye hasira. Kujaza kifusi kwenye ukingo au eneo oevu bila idhini ni kosa kwenye sheria ya mazingira. Ukiona malori yanashusha kifusi bondeni usiku, nukuu namba za gari na utoe taarifa mtaani na NEMC asubuhi hiyohiyo. Kifusi kikishasambazwa na greda, kukiondoa ni ndoto.

Kutapisha choo wakati wa mvua kuna ubaya gani? Si maji yanapeleka baharini?

Kila mtu mtaani anajua kinachofanyika. Bomba la inchi nne linatoka ubavuni mwa shimo la choo, limezibwa kwa matambara. Mvua ikikolea usiku mtu anatoka na koleo, anachomoa, na kinyesi cha miezi kinaingia mtaroni. Mtaro huo ukifurika nyumba ya nne mbele, hicho ndicho kinachotandaa kwenye sakafu ambayo watoto watatambaa kesho yake. Kipindupindu Dar es Salaam kimekuwa na uhusiano na masika kwa miaka mingi, na hii ni moja ya sababu.

Sheria ya Afya ya Jamii Na. 1 ya 2009 na sheria ndogo za halmashauri zinakataza. Kumkamata mtu saa nane usiku kwenye mvua ni kazi isiyowezekana, kwa hiyo msihangaike na hilo. Bwana afya au bibi afya apite Januari na Februari mchana kweupe, akague mashimo, na kila bomba linaloelekea mtaroni lizibwe kwa saruji mbele yake. Ambaye gari la majitaka halifiki kwake, na uchochoroni hawafiki, aelekezwe kwa vikundi vinavyonyonya kwa pampu ndogo. Faini bila njia mbadala imeshajaribiwa sana.

Nina hati na kibali cha ujenzi, lakini nimewekewa alama ya X ya kubomolewa. Nifanye nini?

Kwanza, alama ya rangi nyekundu ukutani si notisi. Omba notisi ya maandishi inayotaja kifungu, kosa, muda uliopewa na ngazi ya kukata rufaa. Pili, kusanya ulivyonavyo: hati, kibali, michoro iliyogongwa muhuri, risiti za kodi ya ardhi. Hati halali haifutwi na mgambo wala mkuu wa wilaya. Kuifuta kuna utaratibu wake kwenye Sheria ya Ardhi, na mwenye mamlaka hayo ni Rais. Tatu, ukifikiria mahakama, kumbuka kwamba kuishtaki Serikali, zikiwemo halmashauri, kunatanguliwa na notisi ya siku 90, kwa hiyo usingoje greda lianze kunguruma ndipo umtafute wakili.

Nikuambie na la upande wa pili, ingawa si la kufurahisha. Hati haizuii mafuriko. Wapo walioshinda kesi na bado wanalala na ndoo. Kama aliyekupa kibali alikosea, mdai fidia kwa kosa hilo. Nguvu zako zielekeze huko kuliko kuongeza ghorofa.

Kwa nini waliobomolewa 2015 hawakulipwa, na wa mradi wa Msimbazi wamelipwa? Wote si walikuwa bondeni?

Wote walikuwa bondeni, ndiyo. Tofauti iko kwenye aina ya zoezi, na inawauma wengi kwa haki.

Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua zaidi ya watu 40 jijini, Serikali iligawa viwanja Mabwepande kwa baadhi ya waathirika. Ni mbali na katikati ya jiji, na mtu aliyekuwa anauza samaki Kariakoo kwa kutembea kwa miguu alijikuta nauli inakula mtaji. Baadhi wakarudi bondeni. Desemba 2015 ikaja bomoabomoa ya Mkwajuni na mitaa ya jirani, ikisimama juu ya hoja kwamba aliyejenga kinyume cha sheria hana cha kulipwa.

Mradi wa Bonde la Msimbazi ni kitu kingine. Ulipata mkopo wa Dola za Marekani milioni 200 kutoka Benki ya Dunia mwaka 2022, na fedha hizo huja na masharti ya benki: anayehamishwa na mradi analipwa kwa jengo lake hata kama hana hati ya ardhi. Sheria yetu peke yake haifiki huko. Kwa hiyo nyumba mbili za aina moja, ukingo mmoja, zimepata matokeo tofauti kwa sababu moja ilikutwa na operesheni na nyingine ikakutwa na mradi. Mimi naona utaratibu wa mradi ndio uliopaswa kuwa wa kawaida, kwa sababu bonde lililotolewa watu bila kuwapa pa kwenda hurudiwa na watu walewale.

Tahadhari moja kwa wanaosubiri tathmini ya mradi wowote: kuna tarehe ya ukomo. Utakachojenga baada ya tarehe hiyo hakitahesabiwa, na picha za droni zinaonyesha.

Halmashauri yetu haina fedha wala gari. Usimamizi wa mabonde uanzie wapi?

Uanzie kwenye msingi. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mtendaji aondoke nalo.

Nyumba ya bondeni haianzi kama nyumba. Inaanza kama rundo la mchanga, tofali mia mbili na pipa la maji. Siku hiyo mwenye nayo hajapoteza kitu: unaweza kuzungumza naye mkaelewana, na akauza tofali zake kwa hasara ndogo. Ikifika kozi ya tatu ameshakopa. Ikifika linta ameshamwita diwani. Ikifika paa kuna watoto ndani, na hapo huna tena suala la sheria, una suala la siasa na la ubinadamu, na utashindwa yote mawili. Greda linaloonekana kwenye televisheni ni ushahidi kwamba mtu fulani hakupita pale mara kumi ilipohitajika.

Kwa hiyo programu ya mwanzo ni miguu. Mtendaji wa mtaa na mjumbe watembee ukingo mzima mara moja kwa wiki. Mchague siku kwa akili: watu wanaojua kwamba hawana kibali hujenga Jumamosi jioni, Jumapili na siku za sikukuu, ofisi zikiwa zimefungwa. Ukipita Jumatatu asubuhi utakuta zege bado bichi. Notisi itoke siku hiyohiyo, na ofisa mipango miji aifuate ndani ya siku chache, maana chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 uendelezaji unahitaji kibali cha mamlaka ya upangaji, na hapo ndipo notisi inapopata meno.

Na msichague. Ukibomoa kibanda cha mama lishe ukaacha yadi ya magari iliyo mita 20 kutoka ukingo, kesho yake mtaa mzima utajenga, na utakosa cha kuwaambia.

Mitaro isafishwe lini?

Mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua: Septemba kabla ya vuli, na Januari hadi katikati ya Februari kabla ya masika. Inaonekana rahisi, lakini mwaka wa fedha unaanza Julai, zabuni zinapita kwenye mfumo wa manunuzi ya Serikali wa NeST, na fedha zikichelewa mkandarasi anaingia mtaroni Aprili akiwa na maji kiunoni. Andaa nyaraka za zabuni Mei na Juni, bajeti ikiwa bado inajadiliwa.

Wengi wanalaumu plastiki. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019 na chupa bado zipo, sawa, lakini chukua koleo uone kinachotoka: chupa na pampasi ziko juu, chini yake kuna mchanga, mchanga, mchanga. Unatoka kwenye barabara za vumbi, viwanja vilivyo wazi na kingo zilizochimbwa. Chupa inaelea na inaonekana. Mchanga unakaa na ndio unaokula nafasi ya maji.

Kisha kuna dhambi ya kawaida kabisa: mchanga unatolewa, unarundikwa pembeni mwa mtaro, mkandarasi anapiga picha, analipwa. Mvua ya kwanza inaurudisha ndani. Weka kwenye mkataba kwamba malipo ni kwa mita za ujazo zilizofikishwa dampo au sehemu iliyokubaliwa, siyo kwa mita za urefu "zilizosafishwa".

Wenye maduka wanaofunika mtaro kwa zege ili wapate baraza, waachiwe sharti moja tu: mifuniko inayonyanyuka. Mtaro usiofunguka hausafishiki.

Tunajuaje kama mtaro unatosha?

Kuna kanuni nyepesi ya wahandisi kwa maeneo madogo. Zidisha sehemu ya mvua inayotiririka, kasi ya mvua kwa milimita kwa saa, na eneo kwa hekta, kisha gawa kwa 360. Jibu ni mita za ujazo kwa sekunde.

Chukua mtaa wa hekta 12 uliojaa mabati na zege, ambapo asilimia 80 ya mvua inatiririka, na mvua ya milimita 60 kwa saa. 0.8 mara 60 mara 12, gawa kwa 360: mita za ujazo 1.6 kwa sekunde. Mtaa huohuo ulipokuwa na miembe na viwanja wazi, asilimia 40 ikitiririka, ulikuwa unatoa 0.8. Mvua haijaongezeka, sisi ndio tumeongeza mabati.

Mtaro wa zege wenye upana wa mita 1 na kina cha mita 1, unaoshuka nusu mita kila mita 100, ukiwa msafi unapitisha kama 2.2. Unatosha. Jaza mchanga hadi nusu, unapitisha kama 0.9 tu. Kabla halmashauri haijaomba mabilioni ya mtaro mpya, ipige hesabu hii kwa ule wa zamani ukiwa msafi.

Simtanki za kukinga maji ya paa zinasaidia, au ni maneno tu?

Zinasaidia kwa masharti. Milimita 1 ya mvua kwenye mita ya mraba 1 ni lita 1. Paa la mita za mraba 100 na mvua ya milimita 50 linatoa lita 5,000, yaani simtanki nzima. Nyumba mia zikifanya hivyo, mtaro wa mtaa unapumua. Sharti ni tanki liwe tupu mvua inapoanza. Tanki lililojaa tangu juzi halizuii chochote.

Kuchimba mchanga mtoni si kunazidisha kina na kupunguza mafuriko?

Ni kinyume chake. Vijana hawachimbi katikati ya mto kwa mpangilio, wanachimba kingo, kwa sababu ndiko mchanga mzuri uliko na ndiko lori linakofika. Ukingo unaporomoka, nyumba inafuata, na udongo uliobomoka unakwenda kukaa Jangwani. Kuondoa mchanga kwenye mto ni kazi halali ikiwa na kibali na mchoro unaoonyesha wapi na kina gani.

Kwa nini siku nyingine mvua ndogo inafunga Jangwani, na siku nyingine kubwa inapita?

Uliza bahari. Msimbazi unaingia baharini pale Daraja la Salender, na siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti ya maji kujaa na kupwa Dar es Salaam hupita mita 3. Mafuriko yakishuka wakati bahari imejaa, mto hauna pa kumwaga, unarudi nyuma kwenye tambarare. Mvua ileile ikiangukia maji yakiwa yamekupwa inatoka haraka. Mtendaji wa mitaa ya chini ya bonde abandike jedwali la kujaa na kupwa kwa maji ukutani, pembeni ya namba za simu.

TMA wakitoa "angalizo", tufanye nini?

TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, wana ngazi tatu: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Kosa la mitaa mingi ni kuisambaza taarifa kwenye grupu halafu basi. Andikeni mapema kila ngazi inaamsha nini. Kwa mfano, kwenye angalizo mtendaji anakagua maungio yote; kwenye tahadhari wazee, wagonjwa na wajawazito wa nyumba za ukingoni wanaambiwa watakapolala na funguo za shule zinakuwa kwa mtu anayejulikana; kwenye tahadhari kubwa wanahama kabla ya giza. Utabiri wa El Nino ulitolewa mapema mwaka 2023, na bado Aprili 2024 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamefariki nchini kutokana na mvua na mafuriko. Habari zilikuwepo, kilichokosekana mahali pengi ni nani afanye nini saa ngapi.

Kumbukumbu gani mtendaji anatakiwa kuwa nazo?

Daftari moja lenye namba, lisilochanwa kurasa. Humo ziwemo notisi zote na nani alizipokea, picha zenye tarehe, orodha ya maungio, na kila masika maji yalifika wapi. Ukihamishwa, kabidhi kwa maandishi. Mahakamani, notisi isiyo na saini ya kupokea ni hadithi.

Maji yanaingia sasa hivi, usiku. Nampigia nani?

Zimamoto na Uokoaji ni 114, Polisi ni 112, kisha mwenyekiti wa mtaa. Kabla ya simu, zima umeme kwenye swichi kuu, lakini kama maji yameshafika kwenye soketi na umesimama ndani yake, usiiguse: toka. Watoto kwanza, vyeti na hati ziwe kwenye mfuko mmoja wa nailoni unaojulikana ulipo. Usivuke maji yanayokwenda kasi hata kama yanafika magotini, maana huoni mtaro uko wapi wala kama kifuniko chake bado kipo.